Modi ya Matatu Imekataa Kwenye Windows 11: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa Katika GTA San Andreas

Mwezi haupiti hapa Nakuru bila kijana kuingia dukani na lapitopu kwapani, uso umekunjamana, na maneno ni yaleyale: "Fundi, gemu ilikuwa sawa kabisa. Nimebadilisha Windows tu." Wa mwisho alitoka Kaptembwo. Alikuwa na gemu ya GTA San Andreas, na ndani yake modi ya matatu, yaani gari lililotengenezwa na mtu mwingine na kuongezwa kwenye gemu: grafiti ubavuni, jina la ruti kwenye kioo cha mbele, taa za buluu chini ya bodi. Kwenye lapitopu yake ya zamani yenye Windows 10, matatu hiyo ilitembea miezi minane bila shida. Kisha akanunua ex-UK, lapitopu iliyotumika Uingereza, iliyowekewa Windows 11, akanakili folda nzima kwa flashi, akafungua gemu. Matatu ilikuwa inaelea juu ya lami. Alipofungua mlango, mhusika wake alirushwa angani mpaka jiji zima likawa dogo kama ramani.

Ushauri aliopewa kabla hajanifikia ulikuwa mmoja: rudisha Windows 10. Sikubaliani nao. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na lapitopu hiyohiyo ndiyo kijana anayoitumia kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuomba mkopo wa masomo wa HELB. Si haki kumwambia aiache mlango wazi kwa ajili ya gari moja la gemu. Tena, katika kazi hizi nimeona jambo moja likijirudia: mara nyingi Windows mpya haijaharibu modi. Kosa lilikuwa ndani ya modi, au ndani ya gemu yenyewe, tangu zamani, na Windows ya zamani ililisitiri kwa bahati tu. Ukilitafuta utalipata, na ukilirekebisha modi itakwenda kwenye Windows yoyote.

Kisa cha Skimmer

Ndani ya San Andreas kuna ndege ya majini iitwayo Skimmer. Windows 11 toleo la 24H2 lilipotoka mwishoni mwa mwaka 2024, wachezaji wakaanza kulalamika kwamba ndege hiyo haionekani tena majini, na ukiiita kwa modi, mhusika wako anarushwa juu mbali sana. Gemu ya kompyuta ilitoka mwaka 2005. Karibu miaka 20 ndege ilikuwepo, halafu ghafla haipo. Kila mtu alilaumu Windows.

Mtengenezaji wa SilentPatch, kifurushi cha marekebisho ya gemu hii, alilichimba jambo hilo na mnamo Januari 2025 akaeleza alichokikuta. Kila gari katika gemu lina mstari wake katika faili iitwayo vehicles.ide, na mwishoni mwa mstari huo huandikwa ukubwa wa tairi za mbele na za nyuma. Mstari wa Skimmer haukuwa na namba hizo. Katika Vice City, gemu iliyotangulia, Skimmer ilihesabiwa kuwa mashua, na mashua haihitaji tairi. Ilipogeuzwa kuwa ndege, hakuna aliyekumbuka kuongeza namba zilizokosekana.

Basi gemu ilikuwa inasoma nini miaka yote hiyo? Fikiria ubao wa nauli pale steji. Karani ameambiwa asome nauli ya Njoro, lakini hakuna aliyeiandika. Anachokikuta ni chaki iliyobaki ya ruti iliyosomwa kabla yake, na kwa bahati inakaribiana, kwa hiyo hakuna abiria anayelalamika. Skimmer ilikuwa ikisoma chaki ya gari lililoitangulia kwenye orodha, gari la mizigo lenye tairi za ukubwa wa 0.7. Katika 24H2, Windows ilibadilisha kazi zake za ndani, ikaanza kutumia sehemu ileile ya kumbukumbu kila mara gemu inapovuta mstari mpya wa faili. Chaki ikafutwa, takataka ikaandikwa mahali pake. Gemu ikasoma tairi kubwa kupita akili, na ndege ikapotea angani.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinakupa jicho la kutazamia kila modi iliyokataa. Usiulize tu "Windows imefanya nini?" Uliza pia "modi hii ilikuwa inategemea bahati gani?"

Kabla ya kugusa chochote

Nakili folda nzima ya gemu ilivyo sasa, pamoja na ubovu wake, uiweke kwenye flashi au diski ya nje. Kisha nenda kwenye "Documents", utafute folda iitwayo "GTA San Andreas User Files", nayo uinakili. Humo ndimo zilimo kumbukumbu za mahali ulipofikia, faili zenye majina kuanzia GTASAsf1.b hadi GTASAsf8.b. Nimeona kijana akilia, kweli machozi, kwa kufuta folda hiyo akidhani anaisafisha gemu.

Chukua pia daftari. Kila utakachobadilisha kiandike, na ubadilishe kitu kimoja tu kabla ya kujaribu tena. Ukibadilisha vitu vitatu na gemu ikapona, hujui dawa ni ipi. Ikizidi kuugua, hujui sumu ni ipi.

Hatua ya kwanza: jua una Windows gani na gemu gani

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Utaona kama ni 23H2, 24H2 au 25H2. Toleo la 25H2 limejengwa juu ya msingi uleule wa 24H2, kwa hiyo la Skimmer linakuhusu ukiwa na lolote kati ya hayo mawili.

Kisha tazama gemu. Modi nyingi za San Andreas ziliandikwa kwa ajili ya toleo la 1.0. Modi inayoingiza mkono ndani ya gemu huwa na anwani za kumbukumbu zilizoandikwa kwa toleo moja. Ukiipeleka kwenye toleo lingine, inagonga nyumba siyo. Bonyeza faili kuu ya gemu, gta_sa.exe, kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", utazame ukubwa kwa baiti. Faili ya 1.0 ambayo wengi huitumia kwa modi ina baiti 14,383,616. Nakala iliyonunuliwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni tofauti, hasa tangu ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2014 na baadhi ya nyimbo za redio kuondolewa. Kwa nakala halali ya Steam zipo programu za kuishusha hadi 1.0, na kuzitumia ni bora kuliko kuhangaika na modi ambazo hazikuandikwa kwa toleo lako.

Kama una ile iliyotengenezwa upya na kuuzwa kuanzia Novemba 2021, modi za gemu ya zamani haziingii kabisa. Hiyo ni gemu nyingine ndani, ingawa hadithi ni moja.

Hatua ya pili: iondoe gemu kwenye Program Files

Hapa ndipo ninapotatua karibu nusu ya kesi zangu, kwa hiyo nivumilie.

Tangu Windows Vista, folda ya Program Files inalindwa. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuandika humo. Lakini programu nyingi za zamani zilizoea kuandika humo, na ili zisife, Windows ilibuni njia: inaichukua faili iliyokusudiwa Program Files na kuiweka kimyakimya mahali pengine, huku ikiidanganya programu kwamba mambo yamekwenda. Mahali hapo panaitwa VirtualStore, na anwani yake ni C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore. Folda ya AppData imefichwa. Utaiona ukiwasha vitu vilivyofichwa kwenye menyu ya "View".

Sasa fikiria yaliyompata mtu aliyeweka modi kwenye lapitopu ya zamani. Programu ya kusakinisha modi iliandika baadhi ya faili, na Windows ikazipeleka VirtualStore. Gemu ikizifungua, Windows inaipa zile za VirtualStore, kwa hiyo yote yanakwenda. Siku ya kuhama, anainakili folda ya Program Files pekee. Nusu ya modi imebaki kwenye kompyuta ya zamani, na yeye anaapa kwamba amenakili kila kitu. Hasemi uongo. Hajui tu kwamba kulikuwa na chumba cha pili.

Kama lapitopu ya zamani bado ipo, ifungue uitazame VirtualStore yake. Ukikuta humo folda ya gemu, nakili yaliyomo juu ya nakala yako mpya. Kisha kwenye lapitopu mpya tengeneza folda mahali pa wazi, kwa mfano C:\Gemu\SanAndreas, uihamishie gemu yote huko. Jina liwe fupi, bila herufi za ajabu. Usiiweke "Desktop" wala ndani ya "Documents", kwa sababu lapitopu nyingi za Windows 11 zimeunganisha folda hizo na OneDrive, na OneDrive inaweza kuzihamishia faili mtandaoni wakati gemu inazihitaji, tena ikila bando lako.

Hatua ya tatu: tazama Windows imekamata nini

Modi inayojiingiza ndani ya programu nyingine wakati inakimbia inafanana sana na virusi, kwa sababu virusi navyo hufanya hivyohivyo. Ndiyo maana kinga ya Windows huzikamata faili za .asi na .dll, zinazobeba msimbo wa modi, mara nyingine bila wewe kuona ujumbe.

Fungua "Windows Security", ingia "Virus & threat protection", halafu "Protection history". Humo kuna orodha ya kila kilichokamatwa, na tarehe. Ukikuta jina la faili ya modi yako, usikimbilie kuirudisha. Jiulize umeipata wapi. Iwapo uliipata kwenye flashi ya rafiki wa rafiki, iache hukohuko. Pakua upya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, uipitishe kwenye tovuti ya VirusTotal uone kinga nyingine zinasemaje, na ukiridhika ndipo uiruhusu faili hiyo moja, au folda ya gemu peke yake. Usizime kinga yote, na usiiruhusu diski C nzima. Nimewahi kupokea lapitopu iliyofanyiwa hivyo na mtu mwingine. Picha zote za harusi ya dada wa mwenye mashine zilikuwa zimefungwa na virusi vinavyodai fidia.

Kuna vizuizi vingine viwili vya kuangalia. Cha kwanza ni "Controlled folder access", ndani ya "Ransomware protection". Kikiwa kimewashwa, gemu haiwezi kuandika kwenye "Documents", kwa hiyo haihifadhi mahali ulipofikia na wakati mwingine inafunga mara tu inapofunguka. Iongeze gta_sa.exe kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Cha pili ni "Smart App Control", ambacho hupatikana kwenye Windows 11 iliyowekwa upya kutoka mwanzo, kama zilivyo ex-UK nyingi. Hiki huzuia programu zisizo na sahihi ya mtengenezaji, na modi karibu zote hazina. Fikiri vizuri kabla ya kukizima, maana kwa muda mrefu ukikizima hukuweza kukiwasha tena bila kuweka Windows upya.

Mwisho, faili iliyotoka mtandaoni hubandikwa alama na Windows. Bonyeza faili la zipu kwa kitufe cha kulia kabla hujalifungua, ingia "Properties", na ukiona neno "Unblock" chini, weka alama hapo. Ukisahau, alama hiyo inaweza kuandamana na kila faili utakayoitoa ndani.

Hatua ya nne: gemu tupu ifunguke kwanza

Hakuna maana ya kutibu modi kama gemu yenyewe ni mgonjwa. Weka nakala safi, isiyo na modi hata moja, kwenye folda ya pili. Ifungue. Ikifunga papo hapo, nenda "GTA San Andreas User Files" ufute faili moja tu, gta_sa.set. Hiyo hubeba mipangilio ya skrini na vitufe, na ikiwa imetoka kwenye kompyuta nyingine yenye skrini tofauti huiangusha gemu mlangoni. Gemu itaiandika upya yenyewe.

Ukiambiwa faili fulani ya d3dx9 haipo, sakinisha kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 kutoka Microsoft. Ni kama MB 95, basi panga bando. Ukiambiwa MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll haipo, unahitaji Visual C++ ya Microsoft, na hapa wengi hukosea: Windows yako ni ya biti 64, lakini San Andreas ni ya biti 32, kwa hiyo unahitaji ile ya x86. Weka zote mbili, x86 na x64, hazigombani. Msimbo 0xc000007b mara nyingi maana yake ni kwamba faili ya biti 64 imewekwa mahali pa ile ya biti 32. Tafadhali usiende kwenye tovuti zinazotoa faili ya .dll mojamoja. Hujui ni nani aliyeigusa.

Kisha weka SilentPatch ya hivi karibuni, na kipakiaji chake (faili inayoiingiza ndani ya gemu; nitaieleza kwenye hatua ya tano). Hii ndiyo nyongeza moja ninayoiweka kabla ya nyingine zote, hata kwa mtu asiyetaka modi, kwa kuwa inarekebisha mambo mengi ambayo gemu ilizaliwa nayo: mausi inayokufa gemu ikifunguka, na sasa pia Skimmer. Ukiwa nayo, ondoa zile alama za "Compatibility mode" ulizoweka kwa kuhangaika. Zinaifanya Windows ijifanye ya zamani kwa njia ambazo zinaweza kuzuia marekebisho mapya, na zinakuchanganya unapotafuta kosa.

Cheza dakika kumi, uendeshe gari, uogelee, uhifadhi. Ikienda, una msingi. Nakala hii iite "safi", na usiiguse tena.

Hatua ya tano: vipakiaji

Modi za San Andreas haziingii zenyewe, zinabebwa. Faili za .asi hubebwa na kipakiaji kinachojificha kwa jina la faili ambayo gemu huiita kila siku, mara nyingi vorbisFile.dll au dinput8.dll. Katika mpangilio wa vorbisFile, ile ya asili hubadilishwa jina kuwa vorbisHooked.dll. Ikikosekana mojawapo, au zikiwa mbili za namna moja, ama gemu haifunguki ama inafunguka kana kwamba huna modi yoyote. Chagua kipakiaji kimoja. Vipakiaji viwili ni makondakta wawili kwenye gari moja, kila mmoja anadai nauli.

CLEO ndiyo hubeba maandishi ya .cs, yaani modi zilizoandikwa kama amri ndogondogo. Kipimo chake ni rahisi: ikiwa imeingia, menyu kuu ya gemu huonyesha jina CLEO na namba ya toleo chini ya skrini. Usipoliona, acha kuhangaika na maandishi ya .cs. Tatizo liko kwa kipakiaji, au faili imekamatwa kwenye hatua ya tatu. Ukiliona jina na bado modi haifanyi kazi, fungua cleo.log kwa Notepad usome mistari ya mwisho.

Kwa magari na rangi nakushauri sana utumie Mod Loader. Badala ya kupasua gta3.img, faili kubwa inayohifadhi maumbo na picha za gemu, na kuingiza faili zako ndani, unaweka kila modi kwenye folda yake ndani ya folda ya modloader. Kuitoa ni kuihamisha folda tu. Waliopasua gta3.img ndio wanaonichukulia siku nzima, kwani hakuna tena njia ya kujua nini kilikuwa cha asili.

Hatua ya sita: soma Windows inavyosema

Gemu ikifunga bila neno, Windows huwa imeandika mahali. Andika "Event Viewer" kwenye utafutaji, ingia "Windows Logs", kisha "Application". Tafuta alama nyekundu yenye namba 1000 kwa saa ileile gemu ilipofunga. Ndani yake tazama "Faulting module name". Ikitajwa faili ya .asi, umempata mshukiwa wako kwa jina. Ikitajwa gta_sa.exe, haina maana modi haina hatia. Huenda modi iliharibu kitu na gemu ikajikwaa baadaye. Msimbo 0xc0000005 ni gemu kugusa kumbukumbu isiyo yake. Andika jina la moduli, msimbo na "Fault offset" kwenye daftari. Utahitaji namba hizo baadaye.

Hatua ya saba: gawanya nusu kwa nusu

Kama mshukiwa hajatajwa, usijaribu modi mojamoja. Una modi 32? Toa 16, uziweke kando. Jaribu. Gemu ikipona, kosa liko katika zile 16 ulizotoa. Isipopona, liko katika zilizobaki. Gawanya tena: 8, 4, 2, 1. Majaribio matano yanatosha badala ya 32. Ukiwa na modi mbili zinazogombana, njia hii inaweza kukupotosha, na dalili yake ni kwamba kila nusu peke yake inakwenda vizuri ila zikikutana zinafunga. Hapo shikilia nusu moja yote, uongeze ya pili kidogo kidogo.

Kesi ya yule wa Kaptembwo ilifika hapa. Baada ya majaribio manne tulibaki na modi moja: matatu yake.

Hatua ya nane: soma mistari ya data

Matatu ile ilikuwa imechukua nafasi ya Coach, basi lenye namba 437. Maelezo yaliyokuja na modi yalimwambia afute mstari wa Coach katika vehicles.ide na kubandika mwingine. Nilifungua faili ile pembeni na ile ya nakala safi, tukahesabu pamoja sehemu zilizotenganishwa kwa koma, yeye akinyoosha kidole. Mstari wa gari la kawaida una sehemu 15: namba, jina la umbo, jina la rangi, aina, na kuendelea, hadi nne za mwisho ambazo ni namba ya tairi, ukubwa wa tairi za mbele, ukubwa wa za nyuma, na kundi la tairi za kubadilisha. Mstari wake ulikuwa na 11.

Yaani ni Skimmer tupu. Kwenye Windows 10 matatu ilikuwa ikiazima tairi za gari la mstari uliotangulia, namba 436, Previon, gari dogo la kawaida. Nikamuuliza kama tairi zilikuwa zinaonekana ndogo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, na kwamba alidhani ndivyo ilivyochorwa. Dalili ilikuwepo miezi minane yote.

Tulichukua zile sehemu nne za mwisho kutoka mstari wa Coach wa nakala safi, tukazibandika mwishoni mwa mstari wake, tukahifadhi. Matatu ikakaa chini kwenye lami, tairi zikajaa ndani ya madifenda inavyotakiwa.

Fanya hivyohivyo kwa mistari mingine ambayo modi imekuletea. Handling.cfg, inayobeba uzito, breki na mwendo, nayo ina idadi maalumu ya sehemu kwa kila gari. Carcols.dat hubeba rangi. Kila mara linganisha na ya asili kwa kuhesabu, siyo kwa kutazama, kwa sababu macho hukubali yanachokitarajia. Angalia pia koma iliyogeuka nukta, na alama za kunukuu zilizopinda baada ya mtu kuandika maelezo kwenye Word. Tumia Notepad.

Mambo madogo yanayofanana na ubovu

Ukiogelea polepole kama uko kwenye uji, au magari yakiteleza ajabu, siyo modi. Lapitopu mpya ni ya kasi, na gemu hii ilipangiwa picha chache kwa sekunde. Washa "Frame Limiter" kwenye mipangilio ya skrini. Gemu ikifunga baada ya nusu saa ukiwa na magari mengi ya picha nzito, huenda imemaliza kumbukumbu yake: programu ya biti 32 hupewa GB 2 tu, ingawa kuna marekebisho yanayoiruhusu kufika GB 4 kwenye Windows ya biti 64. Hata hivyo, kwanza punguza ukubwa wa picha. Matatu moja haihitaji grafiti ya pikseli 4096 kila upande.

Kumwandikia aliyetengeneza modi

Ukipata kosa ndani ya modi ya mtu, mwambie. Wengi wa wanaotengeneza matatu hizi ni vijana wa hapahapa, wanafanya usiku baada ya kazi, bila malipo, na hawana kompyuta ya kila Windows ya kujaribia. "Modi yako haifanyi kazi" haimsaidii kitu. Mpe toleo la Windows ulilosoma kwenye winver, ukubwa wa gta_sa.exe kwa baiti, kipakiaji unachotumia na namba yake, jina la moduli na msimbo kutoka Event Viewer, na ulichokiona kwa macho: iliruka, ilielea, ilifunga, baada ya dakika ngapi. Kama umeshalipata kosa, mpe mstari wa zamani na mstari uliorekebishwa, mmoja chini ya mwingine.

Yule kijana aliandika ujumbe wake akiwa bado amekaa kwenye benchi langu, kwa simu, akinakili kutoka daftarini. Alianza kwa kumshukuru kwa grafiti.